Manga Katika Kioo na Sauti Zilizopotea Njiani

Kila tunapokutana walimu wa Kiswahili wa hapa Kampala, hakuna lalamiko linalorudiwa kuliko hili la wanafunzi na hadithi za picha za Kijapani. Mwanafunzi ambaye kwa wiki tatu ameshindwa kumaliza kurasa 20 za riwaya iliyowekwa darasani, husoma kurasa 200 za manga kwa usiku mmoja, chini ya blanketi, kwa mwanga wa kioo. Nami nimekuwa mmoja wa walalamikaji, tena si wa safu ya nyuma. Katika makala haya nakusudia kulitazama jambo hili kwa jicho la mhakiki na kuliweka kando jicho la askari wa bweni; maana naona tumeshughulika mno na kukamata vyombo, tukasahau kuuliza ni nini hasa kinachosomwa ndani yake, na kinasomwaje.

Mimi mwenyewe nilianza kuuliza kwa bahati tu. Shule zetu, kama ijulikanavyo, haziruhusu simu bwenini. Kishikwambi kimoja kilikamatwa, kikawekwa ofisini hadi mwisho wa muhula, na siku ya kufunga shule mwenyewe, kijana wa kidato cha pili, akaja na mama yake kukichukua. Mama aliomba radhi kwa niaba ya mwanawe. Mimi nikamwomba kijana anionyeshe hicho kilichomkosesha usingizi. Akafungua ukurasa wa One Piece, nami nikaanza kusoma kama nisomavyo siku zote, kutoka kushoto. Nilikuta mtu amejibu kabla ya kuulizwa, na mwingine ameanguka kabla ya kupigwa. Kijana alivumilia kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Samahani, Mwalimu, hapo umeanzia mwisho. Huku ndiko kunakoanziwa." Akaweka kidole kwenye pembe ya juu ya kulia. Nilipomwuliza kama hakupata taabu kuzoea, alicheka. Alisoma madrasa Kibuli tangu utotoni. Kwake yeye kulia ndiko mwanzo wa kitabu.

Jibu lile lilinirudisha nyuma miaka mingi, kwenye masomo ya ushairi. Sisi tunaofundisha Kiswahili tunajua kwamba tenzi zetu za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, mstari ukianzia kulia na kitabu kikifunguliwa upande ambao leo tunauita mwisho. Utenzi wa Tambuka wa huko Pate, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1728, ulisomwa hivyo, na zilizofuata zikasomwa hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja kabla hati za Kirumi hazijaingia shuleni. Kwa hiyo mwendo wa macho wa manga, unaomshangaza Mzungu, hauna haki ya kumshangaza mwalimu wa Kiswahili. Wachapishaji wa Marekani walipoanza kuzitafsiri hadithi hizi katika miaka ya 1980, walizigeuza picha kama katika kioo cha kujitazamia ili zisomwe kutoka kushoto. Matokeo yake, mashujaa wa Kijapani wakawa watu wa mkono wa kushoto wote, panga zao zikaning'inia upande usio wake. Ilipofika mwaka 2002 kampuni ya Tokyopop ilitangaza kuacha ugeuzaji huo, na wengine wakafuata. Wasomaji walijifunza kuanzia kulia. Sisi tulikuwa tumekwisha kujua, kisha tukasahau.

Manga yenyewe ni nini? Kwa msomaji asiyepata kuifungua, yatosha kusema kwamba ni hadithi ndefu iendayo kwa picha, ikatolewa kwa sura za kurasa kama 20 katika majarida ya kila wiki au kila mwezi, halafu sura zikakusanywa katika vitabu vidogo. Jarida maarufu kuliko yote, Weekly Shonen Jump, lilianzishwa mwaka 1968, na kufikia mwaka 1995 toleo lake moja liliuzwa nakala zaidi ya milioni 6. Huchapwa kwenye karatasi ya bei ya chini. Kwa sababu hiyo ya uchumi, na kwa sababu mchoraji hana budi kumaliza sura nzima ndani ya wiki, manga haina rangi: ni wino mweusi na weupe wa karatasi, na baina yake kuna vivuli vilivyofanywa kwa nukta ndogo ndogo zisizohesabika.

Nimeeleza habari ya wino na nukta kwa makusudi, kwa kuwa hapo ndipo kioo kinapoingia kati ya mchoraji na msomaji. Kitabu cha manga kina ukubwa wa sentimita 11 kwa 17 na nusu hivi. Mchoraji hupanga kazi yake kwa kurasa mbili zinazokabiliana. Anajua kwamba jicho litatua kulia juu, litashuka, litavuka, na kuishia kushoto chini. Na kwamba baada ya hapo mkono utafunua karatasi. Basi katika fremu ya mwisho anaweka mlango unaofunguka, au uso wa mtu anayegeuka kwa hofu, na jambo lenyewe analificha nyuma ya karatasi. Mara kwa mara, kwenye kilele cha vita au cha huzuni, anaivunja mipaka na kuutandaza mchoro mmoja juu ya kurasa zote mbili, sentimita 22 za bahari au za mji unaoungua. Hii ndiyo fani yake. Kufunua karatasi ni sehemu ya utunzi, kama kituo kilivyo sehemu ya ushairi.

Sasa uweke mchoro huo katika simu iliyosimamishwa, yenye kioo cha upana wa sentimita 7. Bahari imepungua ikawa theluthi ya upana wake. Maneno yaliyomo katika viputo yamekuwa kama mchanga. Msomaji hana la kufanya ila kuitanua picha kwa vidole viwili, na anapoitanua anaona kipande tu. Anasogeza, anaona kipande kingine. Umbo zima, lile ambalo mchoraji alilikesha, halionekani hata mara moja. Nukta za vivuli nazo, zikishabanwa, hugombana na vitone vya kioo chenyewe na kufanya mawimbi ambayo hayakuchorwa na mtu yeyote. Nilimwona binti mmoja akidhani kwamba mawimbi hayo ni mvua. Kuna programu zinazojaribu kusaidia kwa kumwonyesha msomaji fremu moja moja. Huo ni msaada wa mtu anayekukatia chakula chote kabla hujaketi. Wakorea waliamua kuchora hadithi za namna nyingine kabisa, zinazoteremka kama kamba moja kutoka juu hadi chini, zilizokusudiwa kioo tangu mwanzo. Wao walikuwa waungwana kwa chombo chao. Manga iliyobanwa ndani ya simu ni nguo ya mtu mzima aliyovishwa mtoto.

Kishikwambi cha inchi 10 hukaribia kuwa mwadilifu. Kikilazwa, kurasa mbili zinakaa pamoja, ingawa ndogo kidogo kuliko za karatasi. Lakini chombo ninachokipenda kuliko vyote, nacho ni nadra sana hapa kwetu, ni kile cha wino wa elektroniki, kama Kindle iliyotoka Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 2007. Ndani ya kioo chake mna vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeupe na chembe nyeusi. Umeme huzivuta hizi juu na zile chini, ukurasa ukajiandika, na ukishajiandika hauhitaji umeme tena hata ukitazamwa saa nzima. Msomaji wa Kampala hahitaji kuelezwa faida ya hilo usiku ambao mtaa wote umezimika. Na kwa kuwa chembe ni nyeupe na nyeusi, na manga ni nyeupe na nyeusi, hapa uchumi wa karatasi duni na ufundi wa karne hii vimekutana bila kuagana. Kasoro zipo: kioo cha kawaida cha inchi 6 hakifikii hata ukubwa wa kitabu kile kidogo, na kurasa hugeuka polepole, wakati mwingine zikiacha kivuli hafifu cha ukurasa uliopita juu ya ule ulioingia. Hata hivyo kasoro hiyo ya pili haikuniudhi. Hadithi nyingi za manga ni za watu wasioachwa na yaliyopita.

Lakini ni wanafunzi wangapi wenye chombo hicho? Wengi wana simu, na simu yenyewe ni ya kaka au ya shangazi. Data nayo ni mali. Mwezi Julai 2018 serikali ilitoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mwenye kutumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, na mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Kijana anayesoma sura za picha analipa kwa kila picha. Kwa hiyo wengi hupakua sura nyingi mahali penye mtandao wa bure, wakasoma nyumbani bila mtandao, na wakagawiana kwa simu hadi simu. Namna hiyo ya kusoma, ya kugawiana na kusubiriana, ni ya kijamaa zaidi kuliko tunavyowadhania.

Mengi ya hayo wanayogawiana ni tafsiri za wizi; nalisema waziwazi, maana mchoraji ni mfanyakazi na jasho lake ni lake. Lakini hebu tuwaulize na wenye mali milango yao iko wapi. Kampuni ya Viz ya Marekani ilipofungua huduma yake mpya ya Shonen Jump mwezi Desemba 2018, Afrika nzima ilihesabiwa kwa nchi moja tu, Afrika ya Kusini. Mwezi uliofuata wachapishaji wenyewe wa Japani, Shueisha, walifungua MANGA Plus, na hiyo inafunguka hata Kampala, sura za mwanzo na za karibuni zikisomeka bila malipo. Ilianza kwa Kiingereza, kikafuata Kihispania. Baadaye vikaongezwa Kiindonesia, Kithai, Kivietinamu na vingine. Kiswahili hakimo.

Na hapa ndipo ninapotaka tutue, kwa sababu habari ya kioo, pamoja na uzito wake wote, ni ya fedha, na siku moja fedha huenda zikapatikana. Habari ya lugha ni yetu wenyewe. Vijana wetu wanasoma manga kwa Kiingereza, na Kiingereza, nadiriki kusema, ni chombo dhaifu kwa kazi hii.

Wajapani wana utajiri mkubwa wa maneno yanayoiga sauti na yanayoiga hali. Ya kwanza huyaita giongo, neno ambalo mtu akilisikia bila kuambiwa lilikotoka angedhani ni la ngeli yetu. Ya pili huyaita gitaigo. Katika manga maneno haya hayakai ndani ya viputo pamoja na mazungumzo. Huchorwa katikati ya picha, makubwa, yakipinda na kupasuka, hata yakawa sehemu ya mchoro kama moshi au vumbi. Moyo unaodunda ni doki doki. Kinachong'aa ni kira kira. Vitu vilivyotawanyika ovyo ni bara bara. Hapo Mswahili atatabasamu, kwa sababu barabara ya kwetu ni kinyume chake. Wana hata neno la kimya. Chumba kikishapoa baada ya mtu kusema jambo asilopasa kusema, mchoraji huandika shiin kwa herufi ndefu ukutani, na msomaji anausikia ukimya ule.

Kiingereza kinafanya nini na haya? Baadhi ya matoleo huyaacha maneno ya Kijapani jinsi yalivyo na kuweka maelezo madogo pembeni. Katika simu maelezo hayo hayasomeki. Mengine hufuta na kuandika upya, na mfasiri asiye na neno la kung'aa wala la kunyamaza huokota kitenzi cha kawaida akakiweka peke yake hewani, kama mtu aliyepanda jukwaani akasahau wimbo. Ni maiti wa sauti. Sisi je? Mtu wa kwetu akianguka majini ni chubwi, akianguka mchangani ni tifu. Kijiti huvunjika kacha. Giza ni totoro, nguo ni nyeupe pe, mtu hulala fofofo, hulowa chepechepe, hujifunika gubigubi. Nyota humetameta. Watu hunyamaza ji. Haya tunayafundisha kila mwaka chini ya kichwa cha tanakali za sauti, tukiwapa wanafunzi orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani, nao hukariri na kusahau, kwa sababu hawajapata kuona neno chubwi likifanya kazi yoyote duniani.

Niungame jambo. Muhula ule ule wa kishikwambi, mwanafunzi wa darasa langu aliandika katika insha kwamba alipoitwa ofisini moyo wake ulikuwa "doki doki". Nilikata kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni: Si Kiswahili. Nilimpunguzia alama. Sikumwandikia kwamba moyo wa Kiswahili hupwitapwita, na kwamba neno hilo lina ule ule mrudio, pengine zuri kuliko la Kijapani. Mtoto yule alikuwa amehisi mahali ambapo lugha ilihitaji sauti. Alitafuta, akatumia aliyokuwa nayo. Mimi niliyekuwa nayo nyingine sikumpa. Nimeitafuta insha ile nimrudishie alama zake, lakini madaftari yalikwisha kuchukuliwa likizo.

Jambo la pili ambalo Kiingereza hulipoteza ni heshima na udugu. Katika Naruto ya Masashi Kishimoto, iliyotoka kwa sura kuanzia mwaka 1999 hadi 2014, kijana Sasuke ana kaka aliyeiangamiza jamaa yao yote. Chuki yake ndiyo moto wa nusu ya hadithi. Lakini katika kumbukumbu za utotoni anamwita nii-san, yaani anamtaja kwa cheo cha ukubwa wa kuzaliwa, na neno hilo linaposikika tena baada ya damu kumwagika, linachoma. Kiingereza kina jina tupu la mtu, au lile neno lake la ndugu wa kiume lisiloeleza nani alitangulia tumboni. Sisi tunasema kaka. Basi. Mtoto wa Kampala, awe wa nyumba ya Kiganda au ya Kinyankole au ya Kilugbara, hahitaji maelezo ya kwa nini mtu hamwiti mkubwa wake kwa jina. Sidai kwamba Kiswahili kinatosha kila mahali. Neno senpai, la kumwita aliyekutangulia shuleni au kazini, limenishinda. Kaka mkuu ni cheo cha kiranja, na mkubwa wangu ni la kambini. Labda wenzangu wa pwani wanalo.

Ugumu mwingine ni wa umbo, nao haupuuziki. Kijapani huandikwa pia kwa safu za kushuka chini, na kwa hiyo viputo vya manga ni virefu na vyembamba. Kiingereza kina maneno mafupi yanayoweza kupangwa moja juu ya jingine. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja. Askari akipiga ukelele kwamba adui wamewazingira, anasema "wametuzunguka", herufi 13 zisizo na mahali pa kupumulia, na kiputo kina nafasi ya herufi sita. Mtu atalikata neno wapi? Akikata wametu-zunguka, jicho la mwanafunzi wa Uganda, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya tatu au ya nne, litasoma "wametu" na kukwama. Akipunguza herufi ili zienee, simu itazimeza. Nadhani jibu ni kuandika Kiswahili cha mazungumzo kweli, kilicho kifupi kuliko tunavyokiandika vitabuni: "Tumezingirwa" bado ni refu, lakini mtu aliye vitani yamkini asingesema hata hivyo, angesema "Wako kote!" Tafsiri ya manga ingetulazimisha kusikiliza watu wanavyosema, nasi walimu tuna haja ya kulazimishwa.

Wapo wenzangu watakaosema kwamba nimepotoka, kwamba hadithi hizi ni mapigano matupu. Sikatai kwamba mengi ni mapigano matupu. Nimesoma sura nzima ambazo watu wawili wanapigana, wanaelezana namna wanavyopigana, kisha wanapigana tena. Na namna wanawake wanavyochorwa katika nyingi ya hadithi hizi, vifua mbele na akili nyuma, ni jambo la kukemewa waziwazi mbele ya wanafunzi wenyewe. One Piece, iliyoanza mwaka 1997, ni ndefu kupita kiasi cha akili ya kawaida. Hata hivyo aina nzima ya fasihi haihukumiwi kwa vitabu vyake vibovu. Keiji Nakazawa, aliyenusurika Hiroshima akiwa mtoto, alianza mwaka 1973 kuchora Hadashi no Gen, hadithi ya mtoto katika mji ule kabla na baada ya bomu la 1945. Atakayeisoma hiyo na kuiita mchezo wa watoto, naye ajipime.

Isitoshe, hadithi za picha si mgeni katika Kiswahili. Wazee watamkumbuka Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, aliyechekesha Kenya kwa miongo mingi, na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru huko Tanzania, ambako watu walijifunza siasa na adabu kwa mstari mmoja wa kicheko. Lilikuwapo jarida la Sani. Hata Mganda mwenzetu James Tumusiime, aliyeanzisha Fountain Publishers mwaka 1988, alikuwa amebuni katuni ya Bogi Benda kwa gazeti la Nairobi, ila hiyo ilisema Kiingereza. Tulichokosa ni hadithi ndefu. Katuni zetu zilikuwa za siku moja, kicheko na kwaheri. Na kwa upande wa Uganda tulikosa zaidi. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 kwa amri ya Idi Amin, kikabaki masikioni mwa wengi kuwa sauti ya mtu mwenye bunduki. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, mtaala wa 2020 ukakifanya cha lazima katika vidato viwili vya kwanza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Amri tatu au nne, lakini mtoto anakisoma nini kwa hiari yake, usiku, akijua akikamatwa ataadhibiwa? Hadi leo sijakamata kitabu cha Kiswahili chini ya blanketi.

Mji huu wetu unajua namna ya kuteka hadithi ya mgeni. Mtu akiingia katika kibanda cha video huko Katwe au Kisenyi, atamkuta mfasiri na kipaza sauti, yule anayeitwa VJ, akiisimulia filamu ya Hong Kong au ya Marekani kwa Kiganda, akiongeza utani wake, akimbatiza adui jina la mtaa, akipiga kelele mahali filamu ilipolegea. Wasomi waliwacheka. Sasa filamu kama Who Killed Captain Alex? ya Nabwana I.G.G. ya mwaka 2010, iliyotengenezwa Wakaliga, imetazamwa duniani pamoja na sauti ya VJ Emmie juu yake, na watu wa mbali wanaona kwamba sauti ile ni nusu ya kazi. VJ hakungoja amri ya serikali. Manga bado haijapata VJ wake wa Kiswahili.

Muhula uliofuata nilijaribu jambo dogo katika chama cha Kiswahili cha shule yetu. Nilichukua ukurasa mmoja tu, nikauchora ubaoni kwa chaki, vibaya, bila maneno: watu wanne wanakula, mmoja anasema jambo, halafu fremu pana ambayo wote wamenyamaza, vijiko vikiwa hewani. Mwenye kishikwambi alinisahihisha mpangilio wa fremu mara mbili. Nikawaomba waandike Kiswahili. Mazungumzo yalikwisha kwa dakika kumi. Fremu ya kimya ilitula saa nzima. Mmoja alitaka "kimya", akaambiwa kwamba hilo ni jina la kitu, si kitu chenyewe. Mwingine, msichana wa Arua ambaye Kiswahili amekizaliwa, alisema "ji", ndefu, ipande kutoka pembe hadi pembe. Wengine walidai kwamba "ji" inahitaji kitenzi mbele yake, ndivyo nilivyowafundisha mimi mwenyewe. Na kweli ndivyo nilivyowafundisha. Kijana wa doki doki, ambaye tangu siku ya insha alikuwa haongei sana darasani, alisema fremu iachwe tupu kabisa, vijiko vitasema.

Tulipiga kura, "ji" ikashinda kwa kura moja. Msichana akaiandika kwa herufi ndogo sana, chini, karibu na meza, kwa hoja kwamba kimya cha watu wanaoogopa hakiwi kikubwa. Wakapiga picha ya ubao kwa simu yangu, kwa kuwa zao zilikuwa zimefungiwa ofisini. Nilipoifungua picha ile nyumbani usiku, "ji" haikuonekana mpaka nilipoitanua kwa vidole viwili.